Nyongeza ya Mshahara Haijazi Ikama

Wiki iliyopita nilimtembelea dada yangu mdogo, mwalimu wa darasa la pili katika shule ya msingi ya kijijini, nikamkuta saa kumi na moja jioni akiwa bado anasahihisha madaftari ya watoto 128 wa mkondo mmoja. Nilimpongeza kwa nyongeza ya mshahara. Akanijibu, "Kaka, mshahara umepanda na ninashukuru, ila wenzangu wawili wamehama na hakuna aliyeletwa."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Nakiri kwamba kupandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa umma kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai 2025, kama Rais alivyotangaza Mei Mosi kule Singida, ni hatua ambayo hakuna mtu mwenye haki atakayeibeza. Hata hivyo, watumishi hawajasahau 2022, ilipotangazwa asilimia 23.3 na wengi wakapokea nyongeza ndogo mno, kwa kuwa asilimia ile ilihusu kima cha chini peke yake. Na anayelipa mkopo wa elimu ya juu hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi kabla hajanunua hata kilo ya unga.

Lakini linaloniuma zaidi ni ikama, yaani idadi ya watumishi wanaotakiwa kuwepo katika kila kituo cha kazi. Kiwango cha shule ya msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na dada yangu anafundisha karibu mara tatu ya hao. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, watoto walifurika madarasani, na ni mwaka huohuo ajira mpya zilisitishwa kupisha uhakiki wa watumishi hewa, yaani majina yanayolipwa mshahara bila kuwa na mtu kazini. Mwaka uliofuata watumishi 9,932 walitajwa kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Sitetei vyeti vya kughushi hata kidogo, na uhakiki ule ulikuwa wa lazima. Hata hivyo, jina hufutwa kwenye orodha ya malipo kwa siku moja, ilhali nafasi iliyoachwa inaweza kukaa wazi kwa miaka. Zahanati ya kijijini kwetu ilibaki na muuguzi mmoja, aliyezalisha usiku, akapima watoto asubuhi, akaandika taarifa mchana, na alipolazimika kwenda wilayani kufuata dawa alifunga mlango. Mama yangu aliukuta mlango huo umefungwa siku aliyopandwa na shinikizo la damu, akarudi nyumbani kwa miguu. Muuguzi yule hakuwa mzembe, na hata angeongezewa mshahara mara mbili, asingeweza kuwa zahanati na wilayani kwa wakati mmoja.

Kila mwaka halmashauri huandaa makisio ya ikama pamoja na bajeti ya mishahara, kisha husubiri kibali cha Utumishi, ofisi ya serikali inayosimamia watumishi wa umma, na kibali hicho hutegemea fedha zilizopo. Kwa hiyo pengo linafahamika tangu mwanzo, maana wakuu wa shule na waganga wafawidhi huliandika kwenye taarifa zao, lakini idadi inayorudi imekwisha kupunguzwa ili itoshee bajeti. Wakati huohuo wapo vijana waliohitimu ualimu tangu 2015 ambao hadi leo wanajitolea au wamekaa nyumbani. Ninaelewa kwamba Hazina haina mfuko usio na mwisho na kwamba mishahara si matumizi pekee ya nchi, lakini siwezi kukubali kwamba kupitia upya maslahi ya mtumishi ni jambo moja na kuhesabu kazi aliyobebeshwa ni jambo jingine, la mwaka mwingine.

Uhamisho nao uangaliwe. Mwalimu anayemfuata mwenzi wake mjini ana haki ya kwenda, ila kibali chake kisitoke kabla mbadala wake hajaripoti, na anayepelekwa pembezoni apewe nyumba ya kuishi, maana wengi huanza kuomba kuhama kwa kukosa hata chumba chenye mlango imara.

Mei Mosi ijayo, pamoja na asilimia ya nyongeza, ninaomba tutajiwe idadi ya nafasi zilizo wazi katika kila halmashauri, shule kwa shule na zahanati kwa zahanati, na mwezi ambao kila nafasi itajazwa.