Aliyemng'ata mtoto wetu hakuwa Rottweiler

Jumapili kwenye kikao cha mtaa, mzee mmoja ninayemheshimu alisimama akataka tupitishe azimio: mbwa aina ya Rottweiler na pit bull marufuku hapa kwetu, kama walivyofanya Uingereza. Watu wakapiga makofi. Nilirudi nyumbani na hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

Mwaka jana mtoto wa dada yangu aling'atwa mguu akitoka madrasa. Aliyemng'ata ni mbwa wa kahawia aliyekuwa akishinda kwenye banda la chipsi, kila mtu anamtupia mabaki, hakuna anayesema ni wake. Tuliosha kidonda kwa sabuni na maji ya bomba robo saa nzima, kisha dada akaanza kuzunguka kutafuta chanjo. Kituo cha kwanza hakuna, cha pili hakuna. Aliipata kesho yake, kwa fedha za kukopa kwenye kikoba. Mbwa mwenyewe akatoweka, hata wa kumchunguza hakuna. Kichaa cha mbwa dalili zikishaanza, ni kusubiri kifo. Usiku ule hatukulala.

Uingereza hiyo tunayoiiga ilipiga marufuku aina nne kwa sheria ya 1991: pit bull terrier, Tosa wa Japani, Dogo Argentino na Fila Brasileiro. Rottweiler hayumo. Kati ya 1998 na 2018, kiwango cha wanaolazwa hospitalini England kwa kung'atwa na mbwa kilizidi mara mbili. Mwisho wa 2023 wakaongeza XL Bully. Uholanzi nao waliwahi kupiga marufuku pit bull, mwaka 2008 wakaachana na sheria hiyo.

Haya, taya la Rottweiler si la mbwa koko. Mwenye naye akitoka naye amshike kamba na amfunge mdomo.

Lakini hebu pita mtaani kwetu usome mageti. MBWA MKALI, MBWA MKALI, nyumba hadi nyumba. Ndani mnyama amefungwa mnyororo tangu alfajiri, jua lote lake, watoto wanamrushia mawe kupitia uwazi wa geti, na wapo wanaomlisha pilipili ili awe mkali zaidi. Usiku anaachiwa. Huyo awe wa aina yoyote, atang'ata, na sisi ndio tuliomfundisha.

Azimio ninalolitaka ni hili: mwenye geti la maandishi hayo ampelekee mtendaji kadi ya chanjo ya mbwa wake, kila mwaka. Mbwa akitoka akamng'ata mtu, mwenyewe alipie sindano zote, siku hiyohiyo, mama wa mtoto asikanyage kikoba. Wasio na mwenyewe tuwachangie, afisa mifugo aitwe. Mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa, ugonjwa unakosa njia.

Kikao kijacho nitakwenda na kadi ya mbwa wangu mkononi. Na ya mtoto wetu pia.