Shimo la Pili Kabla la Kwanza Halijapimwa

Nje ya mji wa Malindi, upande wa bara, kuna uwanja unaopokea taka ambazo lori la kaunti halizichukui: oili iliyomwagwa kwenye injini, betri za magari zilizokufa, mapipa ya rangi, matope ya karakana. Mwenye uwanja ameomba kuupanua. Wanaopakana naye wamekataa, na kwa wiki kadhaa sasa vibaraza vya upande ule havina mazungumzo mengine. Sitautaja mtaa wala mwenyewe, kwa kuwa shauri bado liko mezani. Tena nina jamaa wanaoteka maji huko; msomaji ajue hivyo tangu mwanzo, anipime.

Nianze na mwenye uwanja, kwa sababu kwenye baraza la kusikiliza maoni ya watu juu ya ombi lake hakusikilizwa. Alipofika kwenye neno "usalama" watu walianza kuguna, alipofika kwenye "ajira" wakamzomea. Lakini swali lake halikujibiwa: zisipoletwa kwake, ziende wapi? Malindi ina gereji, ina mashua za injini, ina mahoteli yenye jenereta, ina wanunuzi wa skrepa kila kona, na kila mmoja ana uchafu wake. Nimeona oili chafu ikimwagwa mtaroni mchana kweupe. Nimeona ikipakwa kwenye nguzo za ua ili mchwa wasile. Nimeona betri ikipasuliwa kwa panga nyuma ya nyumba, risasi, yale madini ya sumu yaliyo ndani ya betri, ikauzwe kwa kilo na asidi imwagwe chini ya mwarobaini, watoto wamesimama wanatazama. Hakuna aliyeitiwa baraza kwa hayo. Uwanja wenye ua, lango na daftari la kuandika kilichoingia, hata ukiwa mbaya, una mlango wa kubishwa hodi. Uchafu uliotawanywa nyuma ya nyumba mia moja hauna.

Akaongeza jingine, na hapa alikuwa mjanja. Mto Athi unaondoka nyanda za Nairobi ukiwa umepokea Mto Nairobi na yote yaliyotiwa humo na viwanda na mitaa, unaitwa Galana ukipita Tsavo, unafika kwetu ukiitwa Sabaki, mwekundu, na kumwaga baharini kaskazini kidogo mwa mji, si mbali na hifadhi ya baharini iliyotangazwa 1968. Mnapokea taka za Nairobi mwaka mzima mmenyamaza, akasema, mbona hizi za kwenu wenyewe mnazikataa? Watu walikosa jibu la haraka. Mimi nililipata njiani nikirudi nyumbani, kama kawaida ya majibu: mto hakuna aliyetuomba ruhusa. Huyu ameomba. Na anayeomba ruhusa amekubali kwamba anaweza kunyimwa.

Hoja yake ya "tulitangulia" naikubali nusu. Ni kweli uwanja ulikuwapo wakati pale ni mikanju na vichaka, na nyumba ndizo zilizosogea hadi ukutani. Baadhi ya waliojenga juzi waliuziwa ploti na madalali waliojua mwezi wa kumpeleka mnunuzi, upepo ukiwa umegeukia kwingine. Lakini tuulize pia walitoka wapi. Ardhi ya ukanda huu wa pwani, wa maili kumi kutoka baharini, ina kisa chake: sheria ya 1908 iliwataka watu wajitokeze kudai na kusajili ardhi, wengi hawakuarifiwa au hawakufika, ikahesabiwa kuwa ya serikali, na wajukuu wao wakazaliwa maskwota kwenye mashamba ya babu zao. Asiye na hati hujenga panapobaki, na panapobaki aghalabu ni kando ya jaa au bondeni mto unapofurika. Kisha ukosefu wa hati unageuzwa kizibo cha mdomo: huna karatasi, huna neno. Katiba ya 2010 haisemi hivyo. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya, haikusema kila mwenye shamba. Na ibara ya 70 inamruhusu anayekwenda mahakamani kuilinda haki hiyo asilazimike kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyekwisha kupata hasara au kuumia. Si lazima mtoto augue kwanza.

Sasa niwageukie wapinzani. Ni watu wangu, kwa hiyo nitawakaba zaidi.

Upinzani huu si kitu kimoja. Kuna wenye ploti wanaohofia bei. Hofu yao ni ya haki, lakini wameivalisha joho la afya, na mwenye uwanja alipowauliza barazani wanaishi wapi, wawili walijibu Mombasa. Kicheko kilichofuata kiliwagharimu hata wale wanaoishi pale pale. Kuna vijana waliopiga kelele kuliko wote. Siku mbili baadaye nikasikia wanachotaka ni kuandikwa kazi za lango na ulinzi. Mla ni mla leo, mla jana kala nini. Siwalaumu, ila wasihesabiwe miongoni mwa wanaokataa. Kuna wanasiasa, hao tuwapite. Na kuna wanawake wanaoteka maji, waliopewa nafasi mwisho kabisa, jua limeshuka na afisa anatazama simu. Hao ndio walionifanya niandike.

Hawakuzungumzia harufu. Walisema maji ya visima hubadilika wakati wa masika, na masika tu. Juu yake hutanda utando wa rangi rangi kama wa maji yaliyosimama gereji, kisha kiangazi kikirudi utando unaondoka. Afisa mmoja alitabasamu, akasema kitu kinachokuja na kuondoka pengine ni majani yanayooza. Huenda. Majani yanayooza hufanya utando unaofanana na huo; ukiuchokoa kwa kijiti hupasuka vipande vipande, ilhali wa mafuta hujirudi na kuungana. Jaribio la kijiti halihitaji maabara, na ningependa lingefanywa pale pale mbele ya wote badala ya lile tabasamu. Lakini ule utaratibu wa majira haukustahili kupuuzwa, kwa sababu ndivyo maji ya pwani yanavyokwenda. Tumekalia mchanga na mwamba wa matumbawe, mwamba wenye matundu, si udongo mzito wa mfinyanzi unaozuia kitu kisipite. Mvua inayonyesha leo huzama upesi. Maji baridi yanakaa chini kama tabaka lililoelea juu ya maji ya chumvi yanayoingia kutoka baharini, na tabaka hilo hupanda masika na kushuka kiangazi. Kilicholala kavu ardhini miezi yote ya jua, masika hukifuata kilipo na kukishusha hadi kisimani.

Wataalamu waliofanya tathmini ya upanuzi walikuja wakati wa kaskazi. Wakachota maji ardhi ikiwa imekauka, wakapima hewa upepo ukivuma kuelekea upande usio na nyumba nyingi. Sisemi walifanya makusudi. Ila mtoto wa pwani yeyote angewaambia kwamba hapa mwaka una pepo mbili, na kwamba nyumba nyingi ziko upande ambao kusi hupeleka moshi. Kipimo cha msimu mmoja ni nusu ya kipimo. Hapa nawaunga mkono wanaokataa bila kigugumizi.

Mwenye uwanja anajibu kwamba shimo jipya halitakuwa kama la zamani: litatandikwa plastiki nzito chini, litakuwa na mifereji ya kukusanya maji machafu, litafunikwa. Namwamini kwamba ana nia. Plastiki za namna hiyo huwa na unene wa milimita 1.5 hivi, na zikitandikwa na kuunganishwa vizuri hufanya kazi. Mashimo ya taka duniani kote yamejengwa hivyo. Tatizo langu ni neno "jipya". Ahadi zote zinahusu shimo ambalo bado halijachimbwa. Kuhusu lile lililopo, ambalo halina plastiki na ndilo linalotuhumiwa na wateka maji, ripoti ya tathmini ina aya chache zinazosema litaendelea kusimamiwa.

Wanaoona wakazi wanatia chumvi wakumbuke Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilifunguliwa hapo mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Kilikuwa na leseni, kilikuwa na wafanyakazi wa mtaa ule ule walioshukuru kupata kazi. Mmoja wa wafanyakazi, Phyllis Omido, alipogundua mwanawe ana sumu ya risasi mwilini alianza kupiga kelele, akaonekana mkorofi. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ikaitengua, na Mahakama ya Juu ikairejesha Desemba 2024. Hesabu miaka: tangu kiwanda kufunguliwa hadi neno la mwisho ni 17. Watoto, ambao miili yao hufyonza risasi zaidi ya watu wazima, hawakusubiri miaka 17 ili wakue. Na karatasi pekee hazikuwalinda.

Upande wa pili pia una somo la kuchukua, na hili wapinzani wetu hawalipendi. Lamu, kwenye ule mradi wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 uliokusudiwa kujengwa Kwasasi, watu hawakushinda kwa kelele. NEMA, mamlaka ya taifa ya kusimamia mazingira, ilitoa leseni mwaka 2016, wakakata rufaa, na tarehe 26 Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira, lile linaloamua rufaa za leseni kama hizo, likaifuta. Msingi mkubwa wa uamuzi ulikuwa ushirikishwaji wa umma: watu waliitwa kabla ya utafiti kukamilika, lakini utafiti ulipokamilika hawakurudishiwa matokeo ipasavyo wayajadili. Walioshinda walisoma, wakajua ni ukurasa gani haukuletwa kwao. Kwetu, nilipouliza barazani nani ameisoma ripoti, mikono mitatu iliinuka. Imeandikwa kwa Kiingereza, ni nene, na inasomewa ofisini saa za kazi, naelewa. Hata hivyo mikono mitatu ni michache mno kwa watu wanaotishia kufunga barabara.

Basi nisimame wapi? Siungi mkono kuukataa uwanja moja kwa moja. Ukifungwa kesho, betri zitarudi chini ya mwarobaini, na huko hakuna atakayezipima. Wala siungi mkono upanuzi kama ulivyoombwa. Naupinga kwa sababu ya utaratibu wake. Kanuni za 2003 za tathmini na ukaguzi wa mazingira zinataka mwenye shughuli ya namna hii afanye ukaguzi wa mazingira na kuwasilisha ripoti kila mwaka. Kama imefanyika, majibu ya maji tayari yako kwenye faili, mwaka baada ya mwaka, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba kuyaona. Yakiwa mazuri, mwenye uwanja ana silaha kubwa kuliko ahadi yoyote ya plastiki, na nashangaa hajaitumia. Yakiwa mabaya, lile la zamani lifungwe na kusafishwa kwa gharama yake kabla jembe la pili halijagusa ardhi. Yakiwa hayapo kabisa, hilo nalo ni jibu.

Na visima vipimwe masika hii, mbele ya wenye visima, sampuli zigawanywe mara mbili, moja ibaki kwa wakazi. Mwenye uwanja atasema hiyo ni kumchelewesha miezi. Ni kweli inamchelewesha, na mkopo wa benki hauna subira. Jambo hilo alilisema kwa sauti ya chini, na ndipo pekee nilipomwonea huruma siku ile.

Jumatatu nilikwenda ofisini kuisoma ripoti mwenyewe. Ukurasa wa maji unataja visima vitatu karibu na uwanja. Nilinakili, nikapanda bodaboda hadi mtaani, nikazunguka kwa miguu nikiwa na mama mmoja wa pale aliyekuwa akibisha hodi mbele yangu. Tulihesabu tisa. Cha tisa kilikuwa ndani ya ua wa madrasa, kina kamba mpya, na watoto walikuwa wanatawadha.