Hapana ya Mtu Mmoja Inatosha

Mwezi uliopita tulipanda mlima kwa saa nne, watu wanne, tukabakiza mwendo wa nusu saa kufika kileleni, kisha tukageuza. Upande wa pili kulikuwa na bonde lililojaa theluji mpya isiyo na alama hata moja ya skii, vile vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji. Hatukuigusa. Watu wananiuliza kama sijutii. Sijuti hata kidogo, na nataka kueleza kwa nini, maana namna tulivyoamua siku ile naiona ina thamani kuliko vifaa vyote tulivyokuwa tumebeba mgongoni.

Kwa asiyeujua mchezo huu: kwenye vituo vya skii mashine inakupeleka juu, na mara nyingi wafanyakazi wameshalipua baruti alfajiri ili theluji yenye hatari iporomoke kabla wageni hawajafika. Sisi tunakwenda kusiko na mashine wala mlinzi. Unabandika chini ya skii vitambaa virefu vyenye manyoya mafupi yaliyolalia upande mmoja; ukisukuma mbele vinateleza, ukitaka kurudi nyuma vinashika. Zamani vilitengenezwa kwa ngozi ya sili, na hadi leo tunaviita ngozi, ingawa sasa ni nailoni au manyoya ya mbuzi wa angora. Kisigino kinaachwa huru, unatembea hatua kwa hatua. Ukifika juu unazibandua, unafunga kisigino, unashuka. Saa nne za jasho kwa dakika kumi za kuteleza.

Na dakika hizo kumi, jamani! Theluji iliyoanguka usiku wa baridi kali bila upepo ni hewa tupu karibu yote. Barafu yenyewe haifiki hata sehemu moja ya kumi ya ujazo wake. Husikii skii zikikwaruza chochote. Inapanda magotini, inapanda kifuani, inakurukia usoni, na unajifunza kuvuta pumzi kwa kuvizia. Rafiki yako aliyetangulia anageuka kuwa wingu jeupe lenye kelele za furaha ndani yake. Aliyeonja hilo mara moja atalitafuta maisha yake yote, na hapo ndipo shida inapoanzia, kwa sababu tamaa hiyo ikiingia kwenye kundi zima kwa pamoja, hakuna anayetaka kuwa mtu wa kuizima.

Miaka michache iliyopita nilikuwa kwenye kundi la watu saba. Tulikuwa tunakata mteremko tukielekea kwenye mgongo wa mlima, na ghafla theluji chini yetu ikatoa mlio mzito, vuum, kama mlango mkubwa uliofungwa chini ya ardhi. Nilihisi uwanja wote ukishuka kidogo, labda kwa upana wa kidole. Mlio huo maana yake ni moja: chini kuna tabaka dhaifu, limevunjika, na bamba la theluji lililo juu yake limekosa pa kushikia. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu, na sisi mshindo tulikuwa tumeshausikia. Kimya ndicho kilichofuata. Tulitazamana. Wa mbele akaendelea, sote tukamfuata. Hatukuwa tumetembea dakika tano, mteremko wa jirani ukakatika wenyewe na kumwagika hadi bondeni. Hakuna aliyeumia.

Jioni, garini, mmoja akakiri kwamba baada ya ule mlio alitaka turudi. Wa pili akasema hata yeye. Kumbe wote saba tulitaka kurudi! Kila mmoja alimsubiri mwenzake aseme. Mimi nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni kwenye kundi lile na sikutaka nionekane mwoga. Aliyekuwa mbele aliendelea kwa sababu hakusikia mtu akipinga. Nimeyafikiria mazungumzo yale ya garini mara nyingi kuliko nilivyofikiria poromoko lenyewe.

Februari 2012, katika eneo la Tunnel Creek karibu na kituo cha Stevens Pass, jimbo la Washington nchini Marekani, watelezaji wapatao 16 walikwenda kushuka mteremko mmoja. Wengi wao walikuwa mahiri, watu wenye uzoefu wa miaka mingi. Theluji ikaporomoka, na watatu walikufa. Baadaye baadhi ya walionusurika walieleza kwamba walikuwa na wasiwasi kabla ya kushuka, ila hawakuusema. Ian McCammon, mtafiti wa Marekani, alichambua zaidi ya ajali 700 za namna hii na kuonyesha kwamba mara nyingi dalili za hatari zilikuwa wazi, na hata waliosomea usalama walizipita. Waliamini wako salama kwa sababu waliijua njia, au kwa sababu kiongozi alionekana anajua, au kwa sababu kuna kundi jingine lilikuwa linakaribia ile theluji isiyoguswa. Tena, katika ajali za vifo, karibu mara 9 kati ya 10 poromoko huanzishwa na aliyefukiwa mwenyewe au mwenzake. Mlima haukuangukii, unauangusha wewe.

Ndiyo maana siku hizi kundi langu lina sharti moja ambalo silegezi: tunakwenda watatu au wanne, na yeyote akisema hapana, tunageuza. Hatupigi kura. Hatumwombi sababu.

Turudi kwenye siku ile. Tulichimba shimo kwenye theluji ili kupima uimara wake, tukakata nguzo yenye upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 30, tukaweka bapa la koleo juu ya ncha moja. Unapiga mara 10 kwa kiganja kutoka kwenye kifundo cha mkono, mara 10 kutoka kwenye kiwiko, mara 10 kutoka begani, huku wenzako wameinama wanaangalia ubavu wa nguzo. Pigo la 24, ufa mwembamba ukatokea chini ya koleo. Haukusafiri kwenda upande wa pili wa nguzo. Tulishusha pumzi, kwa sababu ufa unaokimbia nguzo nzima ndio unaotisha. Mwenzetu mmoja alikuwa bado amechuchumaa. Akapitisha kadi ukutani mwa shimo, akaisimamisha kwenye mstari wa kijivu usiozidi unene wa ukucha, tabaka dhaifu lenyewe, akachokoa chembe chache na kuziweka kwenye glavu. Zilimeta kama jalidi. Akasema, "Ndugu zangu, kipimo ni kizuri, lakini mimi leo siutaki mteremko huu."

Palepale nilihisi ubishi ukinipanda kooni. Nyuzi 34 za mteremko, hatari ya kuporomoka ngazi ya 3 kati ya 5, kipimo kizuri, jua limetoka. Nilikuwa na hoja zangu zote tayari. Nikabandua ngozi zangu na kugeuza skii.

Wapo wanaoniambia kwamba kwa sharti hili mtu mwoga anawaharibia wengine siku nzima. Nawaelewa, siku ya theluji nzuri ni adimu. Lakini tazama mlima unavyofundisha: ukishuka mteremko mbovu na usiporomoke, unapata furaha ileile na sifa zilezile kama aliyeshuka mteremko salama. Hakuna kinachokwambia ulikosea. Mtu anaweza kukosea mara 50 na kila mara akarudi anajiona fundi zaidi. Sauti pekee inayoweza kukurekebisha kabla ya hapo ni ya mwenzako, na ukimdai ushahidi kila anapofungua mdomo, safari ya tatu atanyamaza.

Vifaa tunabeba, na tunafanya mazoezi navyo: kifaa cha redio cha kutafutana kinachotumia kilohezi 457, fimbo ndefu ya kudunga theluji kumtafuta aliyefukiwa, koleo. Lakini aliyefukiwa anahitaji kutolewa ndani ya dakika 10 hadi 15. Baada ya hapo matumaini yanashuka kwa kasi, na wengine hufa kwa majeraha kabla hata koleo halijafunguliwa. Kwangu hivyo ni vya siku ambayo maneno yameshindwa.

Tuliposhuka kwa njia ileile tuliyopandia, chini ya mstari wa miti tukakuta upenyo wenye mwinuko mdogo, nyuzi 22 hivi, ambao hauna mteremko mkali juu yake. Theluji ilikuwa imefika magotini. Tulimtanguliza yeye aliyesema hapana. Alipinda mara tatu kushoto, mara tatu kulia, akapotea ndani ya wingu lake, na tulimsikia akipiga vigelegele hadi chini kabisa kwenye kijito.