Oganaiza za maboksi: unaokoa hela au unafuga mende?

Nianze na droo yangu. Ni ya kabati la nguo, ile ya pili toka juu, na mwaka jana kipindi cha likizo niliijaza viboksi 12 nilivyokata mwenyewe kwenye maboksi ya dukani, soksi huku, chaja huku, hereni kwenye kipande cha trei ya mayai, vyote nimevivalisha kitenge na utepe pembeni, nikapiga picha nikarusha kwenye grupu la familia nikasifiwa mpaka na shangazi ambaye huwa hasifii mtu. Miezi kama minne mbele natafuta sindano, nikainua kiboksi cha kona, chini yake pale palipokatwa na yale mawimbi ya karatasi yaliyo ndani ya boksi yako wazi kuna vifuko vya mayai ya mende vimegandishwa. Vitatu, kahawia iliyoiva, ukiviona haraka unaweza kudhani maharage.

Kwa hiyo mtu akiniuliza haya mambo ya kugeuza maboksi kuwa oganaiza ni akili au ni kujichosha, mimi nimeshakaa pande zote mbili.

Wanaoyapenda wana hoja, tena nzito kuliko hiyo ya "ni bure" wanayoisema kila siku. Hoja yenyewe ni vipimo. Makabati mengi ya huku kwetu Dar yametengenezwa na fundi seremala, Keko au pale mtaani kwako, na fundi alipima kwa mbao alizokuwa nazo siku hiyo, droo yangu mimi upande wa kushoto ni ndefu kuliko kulia kwa kidole kizima. Vikapu vya plastiki vinakuja na saizi zake tayari, ukiviweka kinabaki kinafasi cha kijinga pembeni ambacho hakimezi kitu zaidi ya pini na vumbi. Boksi unalikata likae sawasawa. Halafu kuna sisi wapangaji, chumba kimoja ndo jiko ndo sebule, mwenye nyumba akibadilika moyo unahama, na mali nyepesi ya kukunja ina raha yake. Zamani kazi hii ilifanywa na rambo, ile mifuko ya plastiki, kila kitu kwenye rambo na kila rambo kwenye msumari nyuma ya mlango, ila tangu Juni 2019 zilipopigwa marufuku ndo hivyo tena, hii mifuko mbadala haikai vile.

Na msiseme boksi ni dhaifu, hapo mnakosea. Frank Gehry, yule msanifu majengo wa Marekani, mwaka 1972 alitoa kiti kinaitwa Wiggle, ni maboksi yaliyobandikwa tabaka juu ya tabaka, mawimbi ya tabaka moja yakilala huku na ya linalofuata yakilala kule, na mtu mzima anakalia. Siri ni huo mwelekeo. Chukua kipande cha boksi ukibinye kwa juu mistari ya hayo mawimbi ikiwa imesimama, kinakukatalia, kigeuze mistari ilale uone kinavyojikunja. Viboksi vingi ninavyoona watu wanatengeneza vinabonyea sio kwa sababu boksi ni bovu ila kwa sababu aliyekata hakuangalia mistari.

Haya, sasa upande wa pili, na huku ndo nina maneno mengi.

Hii karatasi ya mawimbi Waingereza waliisajili mwaka 1856 kwa ajili ya kuweka ndani ya kofia ndefu, na mwaka 1871 Albert Jones wa New York akaisajili kwa kufungia chupa na vioo vya taa visivunjike njiani. Yaani kazi yake ni safari. Ibebe mzigo, ipokee vishindo, ifike, basi. Sisi tunaitaka ikae miaka chini ya kitanda kwenye sakafu ya simenti Dar es Salaam mwezi wa nne. Nililiweka moja hapo la viatu, masika ilipokolea nikalivuta, mwili ukaja mkononi kitako kikabaki chini kimelainika kama mkate uliochovywa kwenye chai. Mende nao wasilaumiwe sana, yale mawimbi yanabandikwa kwa gundi ya wanga, mara nyingi wa mahindi, kwa hiyo umempa giza, vichochoro na ugali humo humo. Mchwa ndo kabisa, karatasi kwake ni mti uliokwisha kutafunwa.

Ila kilichonikera zaidi ya mende ni hesabu. Boksi bure, sawa. Vijiti vya gundi ya moto, kitenge, utepe, stika za kubandika ndani ili pang'ae... nilijumlisha ikaja 19,000, na muda sijauweka. Kwa hela hiyo ningerudi na vikapu vya plastiki vya kujaza droo mbili vinavyooshwa kwa sabuni. Anayekwambia umeokoa hela kwa kawaida hakuonyeshi risiti ya mapambo.

Na ile ya kuokoa mazingira, hapo nakubali nusu tu. Kwingine labda boksi likitupwa limetupwa, mtaani kwetu boksi halikai nje hata saa mbili, kuna kijana wa mkokoteni analiokota, anakunja, anauza kwa kilo, linaenda kusagwa liwe karatasi tena, na nyuzi zake zinavumilia kurudiwa hivyo mara 5 mpaka 7 kabla hazijawa fupi mno. Viboksi vyangu viliposhindikana nikamwita nimpe. Akavigeuza geuza, akachana kimoja, kitenge kikagoma kuachana na karatasi, akacheka. "Anti, haya hawayapimi." Akachukua boksi la tambi lililokuwa jikoni akaenda zake. Kwa hiyo mimi niliyejiona natunza mazingira ndiye niliyekwenda kuvitupa jalalani, 12 vyote, na kitenge chake.

Ndo maana kwangu ugomvi sio boksi, ugomvi ni mapambo. Boksi likiwa tupu, halina nguo wala stika, liko ndani ya droo kavu limebeba vitu vyepesi, sioni kosa lake, likichoka unalikunja unampa kijana. Jikoni hapana, kuna mvuke na mafuta na moto. Chakula kisichofungwa hapana, maana hujui boksi lilibeba nini kabla halijafika kwako. Vitabu vipange kwenye mbao, boksi litavumilia wiki mbili halafu taratibu litaanza tumbo. Na zile kingo zilizokatwa zibandike karatasi, hata la daftari, kwa uji wa ngano mwembamba, mende asipate mlango (uji nao ni chakula, najua, ndo maana nasema mwembamba, na ukishabandika uukaushe juani kwanza).

Sasa hivi droo ina maboksi mawili ya viatu yasiyo na kitu juu yake, jina la kampuni linaonekana kabisa, na kila mwisho wa mwezi nayatoa nayakung'uta barazani. Shangazi ameyaona, safari hii hajasema kitu.