Maneno ya Kiingereza yanayomlaumu mnyonge

Mwaka jana binamu yangu anayeishi Birmingham alinitumia kwa WhatsApp picha ya barua ya hospitali iliyomhusu mama yake, ambaye kwangu ni shangazi, akaniomba niitafsiri ili mama aisome mwenyewe badala ya kusimuliwa na watoto. Ilikuwa barua ya kurasa mbili, yenye adabu, na katika aya ya tatu daktari alikuwa ameandika kwamba mgonjwa ni "moderately frail". Nikatafsiri "dhaifu kiasi", nikaendelea na majina ya dawa, ambayo ndiyo niliyodhani yangenisumbua. Jioni shangazi alinipigia simu. Hakuuliza habari ya dawa wala tarehe ya kurudi kliniki. Aliuliza, "Mwanangu, huyo daktari ameniona nina udhaifu gani? Watoto sita nimewazaa na kuwalea, leo mtu aniandikie udhaifu?" Nilimweleza kwamba daktari alikusudia nguvu za mwili tu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi si angeandika nguvu zimepungua?"

Kosa lilikuwa langu mimi mtafsiri. Hata hivyo, kadiri nilivyozidi kulifuatilia neno "frail" na ndugu zake, ndivyo nilivyozidi kuamini kwamba hata kama barua ile ingesomwa kwa Kiingereza chenyewe, kwa sikio la Mwingereza wa miaka mia nne iliyopita, shangazi angekuwa na haki ya kuuliza swali lilelile. Kiingereza kina akiba kubwa ya maneno ya udhaifu, na mengi kati yake yana mwendo mmoja: huanza kwa kueleza hali ya mwili au ya kitu, tena mara nyingi kwa huruma, kisha taratibu huhamia kwenye tabia na kugeuka lawama. Mwenye mwili usio na nguvu hujikuta ameingizwa katika kundi moja na mwenye dhambi, mwoga na mpumbavu, bila kujua ameingiaje.

Tuanze na "frail" lenyewe. Asili yake ni Kilatini, "fragilis", kutokana na kitenzi "frangere", yaani kuvunja. Lilipita Ufaransa, ambako lilipoteza sauti yake ya katikati, likaingia Uingereza katika karne ya 14. Kwa asili, basi, ni neno la chungu na glasi, kitu ambacho anayekibeba ndiye anayetakiwa kuwa mwangalifu. Lakini katika karne hiyohiyo Waingereza walikwisha kulitumia kwa mtu anayeshindwa na vishawishi, na hapo mzigo wa uangalifu ukahama kutoka kwa mbebaji ukamwangukia anayebebwa. Kufikia mwaka 1600 hivi, Shakespeare alimtia Hamlet maneno haya kinywani: "Frailty, thy name is woman", kwamba udhaifu jina lake ni mwanamke. Ni kijana anayemlaumu mama yake kwa kuolewa na shemeji yake muda mfupi tu baada ya kufiwa na mume. Katika maneno yale hakuna mgonjwa hata mmoja. Malkia Gertrude ana afya njema kabisa. Kinachoitwa "frailty" ni uamuzi wake. Harufu hiyo haikuondoka upesi, kwani mwanzoni mwa karne ya 20, katika lugha ya mitaani ya Marekani, "frail" lilikuwa jina tu la mwanamke.

Ajabu zaidi ni pacha wake, "fragile". Waingereza walilichukua neno lilelile la Kilatini mara ya pili, safari hii likiwa karibu zaidi na umbo lake la asili, na mwanzoni mwa karne ya 16 walilitumia kwa mtu aliye mwepesi wa kutenda dhambi. Maana ya kitu cha kuvunjika, ile inayobandikwa leo kwenye maboksi ya mizigo kwa herufi nyekundu, ilifuata karibu karne nzima baadaye. Hapa mwendo niliousema unapinduka: katika "fragile" dhambi ilitangulia glasi. Nakiri hivyo, lakini sioni kama jambo hili linaniharibia hoja. Linaonyesha tu kwamba kwa msomi wa zama zile mwili na maadili vilikuwa chumba kimoja chenye milango miwili, na neno liliweza kuingilia mlango wowote.

Neno linalonigusa kuliko yote ni "feeble". Leo ni neno la dharau. Husemwa kwa udhuru usioaminika, kwa mzaha usiochekesha, kwa timu iliyofungwa bila kupiga shuti golini. Lakini asili yake ni Kilatini "flebilis", kutokana na "flere", kulia machozi, na maana yake ilikuwa mtu au jambo la kuliliwa. Wafaransa walidondosha "l" ya kwanza wakapata "feble", wakawapa Waingereza. Yaani mtu wa kwanza kuitwa hivyo alikuwa mtu ambaye wenzake walimtazama wakatokwa na machozi. Hatua kwa hatua machozi ya mtazamaji yalikauka, ikabaki kasoro ya mtazamwa. Mwanasarufi atasema ni mabadiliko ya kawaida ya maana, nami sibishi, ila naona kuna jamii iliyochoka kulia na ikaacha alama ya uchovu huo ndani ya kamusi yake. Tawi jingine la neno hilohilo liliangukia kwa wacheza vitara: Wafaransa waliita "foible" nusu ya upanga iliyo upande wa ncha, sehemu isiyoweza kuhimili pigo, na "fort" ile iliyo karibu na mpini. Katika karne ya 17 Waingereza wakalichukua "foible" na kulifanya jina la kasoro ndogondogo za tabia, zile ambazo mtu husamehewa kwa kicheko. Angalau hapo kasoro ilibaki ndogo.

"Faint", ambalo leo ni kuzimia au kufifia, nalo lina kisa cha kuudhi. Ni mtoto wa kitenzi cha Kifaransa "feindre", kujifanya, ambacho ndicho pia kilichozaa "feign". Maana za awali za "faint" zilichanganya mtu anayejifanya, mvivu, mwoga, na aliyeishiwa nguvu. Kuzimia kukaungana nazo. Yeyote aliyewahi kusema kazini kwamba anaumwa, akaona msimamizi anamtazama usoni kama anayehesabu noti bandia, anaelewa kwa nini maana hizo zilikaa nyumba moja. Shaka kwamba anayeishiwa nguvu anajisingizia ilikwisha kuwekwa ndani ya neno kabla mgonjwa hajafungua mdomo.

"Coward", mwoga, nitalipitia haraka: limetoka kwenye mkia, "cauda" ya Kilatini, labda kwa sababu mnyama aliyeshindwa huufyata, na katika visa vya Kifaransa vya mbweha Renart sungura aliitwa Coart. "Silly" ni ndefu zaidi. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "gesælig", mwenye heri, aliyebarikiwa, kama "selig" ya Wajerumani ilivyo mpaka leo. Mwenye heri akawa asiye na hatia, asiye na hatia akawa wa kuhurumiwa, wa kuhurumiwa akawa asiye na nguvu, na mwishoni mwa karne ya 16 asiye na nguvu akawa mpumbavu. Hakuna hatua hata moja katika ngazi hiyo iliyokuwa ya chuki, na bado aliyeanzia juu amefika chini kabisa.

Neno la kila siku, "weak", lililetwa na watu wa Skandinavia waliovamia na kuhamia Uingereza. Waingereza wenyewe walikuwa na "wāc", ndugu yake, lakini umbo la Kinorse "veikr" ndilo lililoshinda. Mzizi wa yote mawili ni kupinda na kukubali kusukumwa. Ndiyo maana Kijerumani "weich" ni laini tu, na ndiyo maana "wicker", fito za kusukia vikapu, ni wa ukoo huohuo. Nilipoligundua hili nilimkumbuka bibi yangu akichagua ukindu wa mkeka: alitupa ule uliokauka, akaubakiza uliopinda bila kukatika. Kwa mikono yake kupinda kulikuwa ndiyo sifa.

Biblia ndiyo inayoonyesha vizuri "weak" lilivyopewa kazi ya maadili. Mstari tuujuao kama "roho i radhi, lakini mwili ni dhaifu", Mathayo 26:41, wafuasi wa John Wycliffe waliutafsiri mwishoni mwa karne ya 14 kutoka Kilatini, ambako mwili ni "infirma", wakaandika kwamba mwili ni "sijk", mgonjwa. Mwaka 1526 William Tyndale alitafsiri kutoka Kigiriki, akaandika "weake", na tafsiri ya King James ya 1611 ikamfuata. Wanafunzi katika mstari ule wamesinzia kwa uchovu usiku wa manane. Ukiwaita wagonjwa unawaonea huruma, ukiwaita "weak" unaanza kuwapima. Tyndale huyohuyo alitunga "weakling". Katika Wakorintho wa Kwanza 6:9, Paulo anapoorodhesha wasioweza kuurithi ufalme wa Mungu, kuna neno la Kigiriki lenye maana ya watu laini, ambalo Martin Luther alilitafsiri kwa Kijerumani "Weichlinge", na Tyndale akalifuata kwa Kiingereza. Kwa hiyo "weakling" lilizaliwa katika orodha ya dhambi, na miongo kadhaa tu baadaye likatumiwa kwa mtu mwenye mwili usio na nguvu. Kila mtoto mwembamba aliyeitwa hivyo katika uwanja wa shule amebeba, bila habari, kipande cha orodha ile.

Kama mambo yangeishia kwenye tamthilia na mahubiri, nisingeandika makala. Tatizo ni kwamba karne ya 19 na ya 20 ziliyachukua maneno haya zikayafanya ya kitabibu na ya kisheria. "Imbecile" lilikuwa Kilatini cha asiye na nguvu, na katika karne ya 16 Waingereza walilitumia kwa mwili. Baadaye likahamia kwenye akili. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1913 kuhusu wenye upungufu wa akili iliwagawa watu katika mafungu manne, mojawapo likiwa "feeble-minded", yaani wenye akili dhaifu, na jingine "moral imbeciles". Someni hilo la mwisho taratibu: asiye na nguvu wa maadili, kwa mhuri wa serikali. Chini ya sheria hiyo, mwanamke aliyehesabiwa "feeble-minded", akajifungua nje ya ndoa wakati akipokea msaada wa maskini, aliweza kufungiwa katika taasisi. Sheria hiyo ilidumu hadi 1959.

Nchini Marekani ikawa mbaya zaidi. Carrie Buck, msichana wa Charlottesville, Virginia, alibakwa na ndugu wa familia iliyomlea, akapata mimba, na mwaka 1924 akapelekwa katika taasisi ya jimbo ya wenye kifafa na "feebleminded", ambamo mama yake Emma alikwisha kufungiwa. Mtoto wake Vivian alikuwa na miezi michache tu mfanyakazi wa ustawi wa jamii alipotoa ushahidi kwamba sura yake haikuonekana ya kawaida kabisa. Tarehe 2 Mei 1927, kwa kura nane dhidi ya moja, Mahakama Kuu ya Marekani iliruhusu Carrie akatwe uzazi, na Jaji Oliver Wendell Holmes akaandika kwamba vizazi vitatu vya "imbeciles" vinatosha. Upasuaji ulifanyika Oktoba mwaka huohuo. Vivian alifariki akiwa na miaka minane, lakini alikuwa amekwisha kusoma shule ya kawaida, na jina lake kuwekwa katika orodha ya wanafunzi waliofanya vizuri. Kosa la Carrie lilikuwa la kubuniwa, la kimaadili, wala hata halikuwa lake. Lilipewa jina la upungufu wa nguvu, na jina hilo likampeleka kwenye kisu. Safari iliyoanza na "flebilis", mtu wa kuliliwa, ilifika hapo bila neno lenyewe kubadilika sana umbo.

Sisemi Kiswahili ni malaika. "Legelege" na "goigoi" havisubiri cheti cha daktari kabla ya kumhukumu mtu, na "dhaifu", tuliloazima Kiarabuni, limekaa kwenye mwili na kwenye tabia kwa pamoja. Ndilo lililonitia aibu kwa shangazi. Lakini tuna pia "mnyonge", neno linaloleta swali la nani amemnyonya nguvu na anadaiwa haki gani, hata tukasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Katika Kiingereza sijaona neno moja linalofanya kazi hiyo.

Madaktari wa leo, kwa upande wao, wanajaribu kulisafisha "frail" kwa vipimo. Mwaka 2001 Linda Fried na wenzake nchini Marekani walipendekeza dalili tano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole na shughuli chache, mwenye tatu au zaidi huhesabiwa humo. Nchini Kanada Kenneth Rockwood na wenzake walitengeneza ngazi ya kupimia, na toleo lake la 2020 liliacha kumwita mgonjwa "frail", likasema anaishi na hali hiyo. Naheshimu juhudi hiyo, ingawa nashangaa kwa nini sayansi yenye uhuru wa kutunga istilahi ilichagua neno lenye historia ndefu kiasi hicho ya kuwanyooshea wanawake kidole, kisha likawekwa katika barua za vikongwe ambao wengi wao ni wanawake.

Nililisoma upya fungu la sita la ngazi hiyo, lile la "moderately", nikafuta "dhaifu kiasi", nikaandika: "Nguvu za mama zimepungua kiasi, anahitaji kusaidiwa anapotoka nje na katika kazi za nyumbani, na mara nyingi kupanda ngazi na kuoga humpa shida." Nikaituma. Shangazi alirekodi sauti ya sekunde chache kunijibu: "Ngazi ni kweli. Kuoga naoga mwenyewe, mwambie."