Kiti cha Kushoto Kwanza

Wiki mbili zilizopita kijana wa jirani yangu hapa Mikindani, Mombasa, alinijia barazani na faili la plastiki. Ndani mna leseni ya daraja la CE, ile ya lori lenye trela, ambayo bado yang'aa, cheti cha kozi ya madereva wa mafuta, cheti cha huduma ya kwanza, cheti cha tabia njema cha polisi, na karatasi moja isiyo na muhuri isemayo amekubaliwa udereva "katika visima vya mafuta, Turkana". Hiyo ya mwisho ndiyo aliyotaka niitazame. Aliyempa alikuwa akidai shilingi 15,000 za "usajili" kabla ya Ijumaa.

"Ami, hii ni ya kweli?"

Nilimwambia aweke faili chini, anywe kahawa. Karatasi ya kazi inayokuomba pesa si ya kazi, na kulijua hilo hakuhitaji mtu aliyekaa ndani ya trela miaka zaidi ya 20 kama mimi. Kilichonishtua ni jingine. Nilimuuliza gari kubwa aliloendesha mara ya mwisho, akanitajia lori la shule ya udereva. Tupu. Mara tatu, kutoka Changamwe hadi Mariakani na kurudi. Nikawaza: huyu dalali ni tapeli, sawa, lakini siku moja itakuja barua ya kweli, na kijana huyu huyu, kwa vyeti hivi hivi, atapewa funguo.

Maneno ya mafuta ya Lokichar, kule Turkana, yamerudi kwa kishindo hapa mjini. Mafuta yenyewe yaligunduliwa 2012 katika kisima cha Ngamia 1, na tangu hapo tumekuwa watu wa kuahidiwa. Mwaka 2025 Tullow, kampuni iliyoyagundua, iliuza hisa zake kwa Gulf Energy, na sasa kila baraza kuanzia Jomvu hadi Magongo kuna mtu ajuaye mtu ambaye ataajiri madereva. Bomba la kwenda Lamu lingali ni la kwenye karatasi. Kwa hivyo mafuta yakitoka yatatoka kwa magurudumu, kama yalivyotoka mara ya kwanza, na kwa magurudumu maana yake ni njia ya kuja kwetu.

Mara ya kwanza nilikuwapo. Safari zilizinduliwa Lokichar tarehe 3 Juni 2018, na mimi niliingia mwaka uliofuata. Zilisimama mwaka 2020. Tulikuwa tukiyashusha Changamwe, katika kiwanda cha kusafisha mafuta ambacho hakisafishi chochote tangu 2013. Waniwie radhi wenye kiwanda, lakini kupeleka mafuta ghafi umbali wa zaidi ya kilomita 1,000 hadi kwenye kiwanda kilichozimwa ni kichekesho ambacho madereva hatukuchoka kukirudia. Ni matangi tu tuliyoyahitaji pale. Agosti 2019 meli ya kwanza ikaondoka na mapipa zaidi ya 200,000, kwa bei iliyotangazwa ya dola milioni 12. Tangi moja la kwetu lilichukua kama mapipa 150. Piga hesabu: safari zaidi ya 1,300 kujaza meli moja. Kwenye televisheni ulionekana ukumbi, hema na hotuba.

Mafuta yale si petroli uijuayo. Yana nta. Yakipoa yaganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya kipupwe, ndiyo maana hupakiwa yakiwa moto, katika matangi yenye koti la kuhifadhi joto. Dereva akilala njiani siku mbili kwa sababu ya giya iliyovunjika au mapenzi ya Kitale, mzigo unaanza kumgeuka. Na mzigo wenyewe ni tani kama 20 za kitu kinachotembea. Mbao hazitembei. Saruji haitembei. Mafuta, ukikanyaga breki, yenyewe yangali yaenda. Yanakuja mbele, yanagonga ukuta wa tangi, na kichwa cha gari kinasukumwa kama mtu aliyepigwa kikumbo mgongoni kwenye foleni ya feri. Tangi likiwa nusu ni hatari zaidi kuliko likiwa limejaa. Hili nalo liliandikwa kwenye karatasi za kozi ya yule kijana, ukurasa wa nne, na mchoro wake. Nilimuuliza mgongo wake ulisikia nini. Alinitazama tu.

Mimi nilikaa kiti cha kushoto miaka mitatu. Utingo. Mzee wangu, dereva niliyemtumikia, alikuwa mtu wa Jomvu, Mungu amrehemu, na mwaka wa kwanza hakuniruhusu hata kugusa usukani gari likiwa limezimwa. Kazi yangu ilikuwa turubai, kamba, maji, chai, na matairi. Kila tuliposimama, Maungu, Mtito, Emali, niliteremka na kipande cha chuma nikazunguka gari nikipiga tairi moja moja. Tairi zima hukurudishia chuma na mlio wa juu, tii. Lililopoteza upepo hukinyamazia, bu, kama kugonga gunia. Yale ya ndani ndiyo yenye hila, kwa sababu lile la nje limelibeba mwenziwe na kwa macho huoni kitu. Usiku mmoja pale Maungu nilipiga yote kwa haraka maana kulikuwa na mvua, nikarudi ndani nikasema yako sawa. Mzee hakusema neno. Alivaa koti, akateremka, akapiga, akarudi, akaniambia: "La tatu kushoto, la ndani. Kapige tena mpaka ulisikie." Nililoa mpaka nikalisikia.

Mwaka wa pili alianza kunipa gari likiwa tupu, kwenye unyoofu wa Taru. Mwaka wa tatu likiwa na mzigo, lakini miteremko alichukua mwenyewe, nami kazi yangu ikawa kutazama mguu wake. Giya aliyopandia kilima ndiyo aliyoteremkia, au chini yake. Hakuwahi kuachia fri, hata tulipokuwa tumechelewa. Nyinyi msiojua: kuachia fri ni kutoa giya kwenye mteremko ili gari lijiendee lenyewe, injini inywe kidogo, na dizeli inayobaki uiuze kwa mitungi kando ya njia. Salgaa, kwenye mteremko wa karibu na Nakuru, imezika watu wengi kwa mchezo huo. Na anayetoka Lokichar na mzigo huupitia mteremko ule kutoka Sachangwan kwenda Nakuru, baada ya kupanda kilima cha Kamatira, baada ya usiku wa baridi ya Timboroa, akiwa amechoka na akijua kuwa nyumbani ni mbali.

Sachangwan. Kijana alizaliwa kabla ya 2009 lakini hakulijua jina hilo. Tarehe 31 Januari mwaka huo tanka la petroli lilipinduka pale, watu wakaja na ndoo na madumu, moto ukawaka, wakafa zaidi ya 100. Dereva mpya, gari likimlalia, jambo la kwanza linalomjia ni mzigo wa tajiri, mwenye gari. Jambo la pili ni simu ya tajiri. Mzee alinifundisha kinyume: zima umeme wa gari, toka, kimbilia upande upepo utokako, piga kelele watu wakae mbali, na wasipokusikia wewe nenda mbali zaidi. Usipigane na mtu mwenye dumu. Kozi ya siku chache yaweza kuyasema hayo yote. Sina shida na kozi, na serikali ilifanya vyema kudai cheti kwa wanaobeba mafuta. Shida yangu ni kwamba cheti kimegeuka kuwa mwisho wa kujifunza, na kiti cha kushoto kimebaki kitupu.

Kimebaki kitupu kwa sababu tajiri aliondoa utingo. Alihesabu posho yake, akaona ni pesa za bure, akafunga kamera kwenye kioo na kifaa cha kufuatilia gari. Kamera itaonyesha ulivyoanguka. Kisha tajiri huyo huyo anatangaza kazi: uzoefu usiopungua miaka mitano. Utoke wapi? Bima nayo yauliza hivyo hivyo. Kijana mwenye akili anafanya nini? Ananunua barua ya uzoefu mjini kwa elfu mbili. Mimi nimeziona hizo barua, nyingine zina makosa ya hijai hata kwenye jina la kampuni.

Najua nitakachojibiwa na wenzangu wa zamani, na wana haki. Utingo ulikuwa mateso. Nililala chini ya trela juu ya katoni. Sikuwa na bima, sikuwa na mkataba, na kampuni moja iliniacha Mtito bila nauli kwa sababu nilidai posho ya siku nne. Nilirudi Mombasa juu ya lori la vitunguu. Utingo ninaoutaka ni wa mshahara, kitanda na karatasi iliyotiwa sahihi, wenye mwanzo na mwisho unaojulikana: miezi kumi na minane, basi, baada ya hapo mwenye gari na dereva mkongwe waandike kama huyu yuko tayari. Mikataba ya kubeba mafuta ya Lokichar bado inatafutwa na matajiri. Huo ndio wakati wa kuandika humo kwamba kati ya kila gari kumi, mawili yawe na mwanafunzi anayelipwa. Wakishazipata tenda hawatasikia.

Tena vijana wanakosea wanapodhani kwamba kazi ya visimani ni tanka la mafuta peke yake. Kabla tone halijatoka, kisima kinakula maji, saruji, mabomba ya chuma, dizeli, kokoto za barabara, chakula cha kambi, mahema. Ningekuwa na miaka 24 leo ningeomba bauza, lori la tangi la maji, na nisione haya. Maji husukuma gari kama mafuta yasukumavyo, hukufundisha breki na kona kwa ukali ule ule, na yakimwagika hayawaki. Vumbi la kule litakufundisha kusafisha chujio la hewa kila siku. Joto litakufundisha kupunguza mwendo kabla tairi halijapasuka. Kainuk, penye kuviziwa na majambazi, itakufundisha kusubiri msafara wa polisi hata kama ratiba yako inakuchoma. Na mbuzi wanaovuka watakufundisha kwamba njia ile ni ya watu.

Hapo kuna jambo ambalo sisi wa Mombasa hatupendi kulizungumza. Juni 2018, wiki chache baada ya ule uzinduzi, wenyeji wa Turkana walizuia malori. Walitaka usalama na walitaka kazi. Malori yalikaa mpaka Agosti. Hapa mjini watu walinung'unika: hawa vipi, mafuta ni ya nchi nzima. Haya, ikaja 2019, serikali ikaamuru makontena yapande reli ya kisasa hadi Nairobi, na ni nani waliojaa barabarani kila Jumatatu? Sisi. Tulisema bandari ni yetu, gereji zinafungwa, mahoteli ya Mariakani yanalala, vijana wetu watakula nini. Maneno ni yale yale, ila sisi tuliyasema kwa Kiswahili cha pwani. Sasa siwezi kumwambia kijana wa Mikindani aende Lokichar kama anaenda shambani kwa babake. Kule kuna kijana mwenziwe aliyechunga ngamia juu ya yale mafuta, naye anataka usukani, na kama kiti cha kushoto kitarudi basi yeye awe wa kwanza kukikalia. Wa kwetu wana kipande cha huku, Mariakani na mzani wake, Mazeras, Changamwe, njia wanayoijua. Nani kasema lazima dereva mmoja aende mwanzo hadi mwisho? Gari libadilishe dereva Nakuru, kila mtu alale kwake. Nimelisema hili kwenye mkutano mmoja wa madereva nikazomewa, kwa sababu wote tunalipwa kwa safari na hakuna anayetaka nusu safari.

Mshahara wenyewe sitaurefusha. Mwulize dereva unayemwamini, na uulize pia posho hukatwa nini, faini ya mzani analipa nani, na mafuta yakipungua lita 50 kwenye kijiti cha kupimia nani huchangia. Majibu ya maswali hayo matatu ndiyo mshahara.

Yule kijana hakulipa zile 15,000. Nilimpigia simu rafiki yangu mwenye lori la kokoto, linaloleta mzigo kutoka Kilifi, nikamwomba amchukue kama utingo. Akacheka, akasema hajabeba utingo miaka sita, kisha akakubali: 500 kwa siku na chakula. Kijana aliniuliza kama CE yake haitapoteza thamani akionekana juu ya lori la kokoto. Mamake alimjibu kabla yangu, na alivyomjibu siwezi kuandika hapa.

Jumatatu alfajiri lori lilimpitia steji. Alhamisi jioni alikuja barazani, mweupe kwa vumbi mpaka kwenye kope, kiganja kimechunwa na kamba ya turubai. Akasema kuna tairi moja, nyuma, la ndani, ambalo siku nzima lilikuwa likimwambia kitu, na dereva alimbishia mpaka walipolitazama wakalikuta na msumari.

"Lilisema vipi?"

Akagonga ubao wa baraza kwa kifundo cha kidole, mara mbili. Nikamwambia agonge tena.