Kingamwili ya H-FABP: kichupa cha utafiti si kipimo cha mgonjwa

Vijana wa labo hapa Lubumbashi wana hoja moja wanayoirudia: ikiwa kichupa cha kingamwili ya kutafuta H-FABP kinaweza kuagizwa Ulaya, kwa nini tusikitumie kugundua mshtuko wa moyo?

Hoja ina uzito. H-FABP ni protini inayobeba asidi za mafuta ndani ya chembe za msuli wa moyo. Ni ndogo, kama kilodaltoni 15 (kipimo cha uzito wa protini), na haikufungwa kwenye nyuzi za msuli. Chembe zikianza kuvuja, yenyewe hutangulia: saa 1 hadi 3 tangu maumivu yaanze, imo kwenye damu. Troponini, protini nyingine ya msuli wa moyo inayopimwa hospitalini, kwa vipimo vya kawaida huchukua saa 3 hadi 6.

Ila inavyowahi kuingia ndivyo inavyowahi kutoka. Figo huichuja, na ndani ya siku moja kiwango hurudi chini. Sasa mfikirie mzee wa Katuba, mtaa wa hapa Lubumbashi, aliyebanwa kifua jioni, akanywa dawa ya tumbo akalala, asubuhi familia ikahangaikia pesa ya teksi na ya fishi (karatasi ya kujiandikisha hospitalini). Anafika hospitalini alasiri. H-FABP yake huenda imeshashuka, wakati troponini hukaa juu wiki nzima au zaidi. Mwenye figo mbovu naye anaweza kuonyesha H-FABP nyingi bila mshtuko wowote. Na misuli ya mikono na miguu inayo pia. Mchimbaji aliyeumia msuli atatuchanganya.

Halafu kuna kichupa chenyewe. Lebo yake inasema "kwa utafiti tu", na si pambo. Mtengenezaji ameonyesha kwamba kingamwili inaikamata protini, pengine kwenye utando ambako protini hutenganishwa kwa ukubwa na mstari hutokea usawa wa kilodaltoni 15. Hajaonyesha ni kiwango gani kinachotenganisha mgonjwa na mzima. H-FABP ina ndugu zake wa ini na wa chembe za mafuta wanaofanana nayo, kwa hiyo lazima ujihakikishie mwenyewe kwamba hukamati ndugu. Kwa Elisa ya kawaida, yaani kipimo cha kukadiria kiasi cha protini kwenye damu kwa kingamwili, unahitaji kingamwili mbili zinazoshika sehemu tofauti. Kama imetoka kwa sungura, kichupa kijacho huenda kikatoka kwa sungura mwingine na kisishike sawa.

Zipo kingamwili zinazotunzwa kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Mwenye akili hugawa mikrolita zake 100 katika vichupa vya kutumia mara moja, maana kugandisha na kuyeyusha tena na tena huiharibu kingamwili. SNEL, shirika la umeme, ikikata umeme usiku, labo isiyo na mazutu (dizeli) ya jenereta imeyeyusha vyote kwa pamoja. (Muuzaji harudishi pesa.)

Kwa tasnifu ya UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, ninunue? Ndiyo, bila kusita. Kwa chumba cha dharura, pesa hiyo iende kwanza kwenye ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na troponini. Anayetaka kunibadilisha mawazo aanze na kazi isiyohitaji friza: aandike saa maumivu yalipoanza na saa mgonjwa alipofika mlangoni. Wengi wakifika kabla ya saa 6, nitamsikiliza upya.